Paka wa Mwosha Maiti

Kwa miaka mingi hakuna mwanamke wa Kiislamu aliyezikwa kutoka mtaa ule wa Buza bila kupita kwanza mikononi mwa Bi Mauwa. Hodi ya alfajiri ikisikika kwake, hakuwa na haja ya kuuliza. Alichukua mfuko wake wenye pamba, mkasi na karafuu maiti, akajitanda kanga, akamfuata aliyetumwa. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, ambaye Bi Mauwa alianza kwenda naye akiwa msichana wa kumwaga maji tu, na hakuwahi kuiomba wala kuikataa.

Watu walimheshimu. Hilo lisemwe mapema, maana mtaa ule hauna watu wabaya. Msibani alipewa kiti kabla hata ya ndugu wa marehemu. Ila arusini alikaribishwa pale karibu na mlango, na sahani aliyopakua yeye ndiyo iliyochelewa kuguswa. Na hakuna mzazi aliyempa mtoto mchanga ambebe. Hawakumkatalia usoni, watu wa Pwani hawana ufidhuli huo. "Ndiyo kwanza amelala, Bi Mauwa." "Ana mafua, asije akakuambukiza." Watoto wote wale wa Buza, miaka yote ile, akinyoosha mikono tu wamelala au wana mafua. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alikuwa akiisugua mikono kwa limau, akaipaka mafuta ya nazi, kisha akainusa akiwa peke yake chumbani. Haikunuka kitu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Paka alimpata kazini. Kulikuwa na bibi mmoja wa Yombo aliyekuwa akiishi peke yake, na baada ya mazishi ndugu zake waligawana kila kitu mpaka mwiko, wakabakiza paka. Bi Mauwa alimtia kwenye kiroba kilichotobolewa matundu, akakizungusha pale njia panda ili paka apoteze dira, kama alivyofundishwa utotoni, akaenda naye nyumbani na kumfungia ndani. Paka wa kuhamishwa hafunguliwi mlango mpaka asahau kwao. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kukaa ndani tu, akamwita Mwali.

Haukupita muda ikaonekana kwamba Mwali ana tumbo. Demetria, mpangaji wake, dada wa Kihaya aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwali gani huyu, Bi Mauwa? Kaingia ndani na mimba yake!"

Siku ya kuzaa, Mwali alipita mikeka na matambara yote aliyotandikiwa, akaingia chini ya kitanda, ndani ya boksi ambamo Bi Mauwa alihifadhi vipande vya bafta vilivyobaki kwenye sanda. Akazaa watatu juu ya kile kitambaa cheupe. Demetria aliona, na Demetria ana mema mengi lakini si mtu wa kukaa na neno. Jioni ile ile bombani kila mwenye ndoo alijua kwamba paka wa mwosha amezalia kwenye sanda.

Kuanzia hapo yakaongezwa mengine. Demetria aliapa kwamba kabla ya hodi ya msiba paka wote wanne hunyamaza, wakageuka kuuelekea mlango. "Nimewaona kwa macho yangu," alisema. "Wanajua kabla ya mtu kufika."

"Wanasikia hatua za mtu, wewe huzisikii," Bi Mauwa alimjibu. "Huko dukani kwenu hakuna dawa ya uoga?"

Lakini yeye naye alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo, na alikuwa hapendi kulifikiria.

Siku aliyoamua kuwafungulia ilikuwa katikati ya masika, alasiri, mvua imekatika lakini wingu bado limekaa chini. Sababu yenyewe haikuwa kubwa. Mapazia yamechanwa, nyumba imeanza kunuka mkojo, na wale wadogo wameshafika umri wa kukimbizana mpaka juu ya kabati. Bi Mauwa aliogopa bodaboda, aliogopa mbwa wa ile nyumba ya kona, na zaidi aliogopa watu. Akafungua mlango wa mbele nusu, akavuta kigoda, akakaa kungoja.

Kwanza hawakutoka. Mwali alikaa kizingitini, pua inacheza, masikio yanageuka huku na huku, na wadogo wakichungulia nyuma yake. Mmoja, mwenye baka jeusi jichoni, alinyoosha mguu akagusa tope, akaurudisha upesi, akaukung'uta, kisha akajaribu tena. Bi Mauwa alicheka peke yake. "Ndiyo dunia hiyo, mwanangu. Ina maji."

Kisha Mwali akashuka. Paka anayetoka nje kwa mara ya kwanza huambaa na ukuta, hunusa kila jiwe, na bati likilia mahali hurudi ndani mbio. Mwali hakunusa kitu. Alikwenda moja kwa moja, mkia chini, watoto nyuma yake kwa mstari, hakuna aliyecheza wala kutazama kando. Wakavuka njia mpaka kwa Bi Hamisa, wakapanda barazani, wakaketi wote wanne mbele ya mlango, wakiutazama. Paka anayesubiri utumbo wa samaki hulia na kujisugua. Hawa walikaa kimya tu.

Bi Mauwa aliinuka kwenye kigoda. Afadhali wangekwenda nyumba nyingine yoyote.

Maana Hamisa na yeye walikuwa wamewekwa ndani pamoja wakiwa wasichana, wakachezwa ngoma pamoja, wakatolewa nje siku moja. Walikuwa mashoga wa kuazimana vitenge na siri. Halafu Munira, binti yake Hamisa, akajifungua mtoto wa kwanza aliyeishi siku ile moja tu, na Hamisa ndiye aliyemleta mwenyewe, amefungwa kwenye kanga, akamweka mikononi mwa Mauwa aoshwe. Tangu hapo Hamisa alikuwa akimsalimia vizuri, akimuuliza hali, akimpelekea futari mwezi wa Ramadhani, ila haitazami mikono yake. Sasa Munira alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike, Farida, na alikuwa kwa mama yake anamaliza arobaini.

Bi Mauwa akavuka haraka kuwachukua paka. Kabla hajawafikia, mlango ukafunguliwa. Hamisa aliwaona paka, akainua macho akamwona mwosha amesimama nyuma yao, na uso wake ukamshuka.

"Mauwa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwenzangu. Ndiyo kwanza nawatoa nje hawa, wamepotea." Akaanza kuwatia kwenye kanga mmoja mmoja. Walikuwa wazito na hawakupigana. Kutoka chumbani alisikia sauti ya mtoto akilia. "Mjukuu hajambo?"

"Hajambo," alisema Hamisa. "Amelala."

Na mtoto analia pale pale. Bi Mauwa alirudi kwake na paka wake, akafunga mlango.

Kesho yake, alasiri, akajaribu tena, safari hii kwa mlango wa uani, kwenye ua wa makuti, wasiione njia kabisa. Aliwawekea dagaa karibu na karo. Mwali aliwapita dagaa, akatafuta tundu kwenye makuti, na wadogo wakamfuata mmoja mmoja. Bi Mauwa alipozunguka nyumba akawakuta wameshafika wanakokwenda. Wamekaa vile vile, macho mlangoni kwa Hamisa, na manyunyu yanawaangukia.

Hamisa alikuwa amesimama barazani na ndoo. Akawamwagia maji. Paka walisogea kando, wakajikung'uta, wakarudi kukaa. Akamwaga tena, wakarudi tena. Majirani wakaanza kutokeza chini ya mapaa yao.

"Usivuke!" Hamisa alipomwona Mauwa amekanyaga njia, sauti yake ilipasuka. "Simama hapo hapo."

"Hamisa, niache niwachukue."

"Mie na wewe tumetolewa ndani siku moja, Mauwa. Kama kuna kitu unakijua, niambie sasa hivi."

"Sijui kitu. Ni paka tu hawa."

"Paka waliozaliwa kwenye sanda! Unadhani sijui? Mtaa mzima unajua." Alikuwa analia waziwazi sasa. "Yule wa kwanza nilikupa kwa mikono yangu. Huyu sikupi. Nakuomba kwa Mungu, usiivuke njia hii."

Bi Mauwa akarudi nyuma. Aliingia ndani, akasimama dirishani, na Demetria akaja akasimama kando yake. Kutoka pale waliona kila kitu. Hamisa alifunga dirisha la chumba cha mzazi, kile cha mbele chenye mlango wa barazani, akaziba nyufa zake kwa kanga na matambara. Akaleta jiko la mkaa lililokwisha kukolea, jekundu, lile la kumkandia mzazi na kukaushia nepi, akaliingiza chumbani na chetezo cha ubani juu yake, ili yeyote anayewafuata wale paka akimbizwe na moshi. Akatoka nje, akamwambia binti yake jambo kupitia mlangoni, na komeo likasikika likiingia. Mwisho akachomeka magunia chini ya mlango, akazuia hata harufu isipite, akachukua mwavuli akaondoka mbio kumtafuta Maalim Jabiri aje kumsomea mtoto.

Paka walibaki. Mvua iliongezeka kidogo na hawakuinuka.

"Bi Mauwa, mie naogopa," alisema Demetria kwa sauti ndogo. "Mbona hawaondoki?"

Bi Mauwa alikuwa hawatazami paka. Alikuwa anatazama lile dirisha lililozibwa, na mawazo yake yamemrudisha Mbagala, masika moja, alipoitwa kumwosha mama na binti yake waliolala na jiko la mkaa la kukaushia nguo, chumba kimefungwa. Walikuwa hawana jeraha, hawana dalili ya ugonjwa. Kucha zao zilikuwa na wekundu mzuri kana kwamba wamepakwa hina, na nyuso zimetulia kwa raha. Alikuwa ameosha wengi, lakini wale wawili walimtisha kwa uzuri wao.

Kisha akagundua kwamba tangu Hamisa aondoke hajamsikia mtoto.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake. Mwosha hapigi hodi kwenye nyumba isiyo na msiba. Akivuka njia ile mbele ya macho ya watu wote, na kumbe mzazi na mtoto wako salama, atakuwa amewatabiria kifo mchana kweupe, na Hamisa hatamsamehe mpaka kaburini. Asipovuka, na ikiwa ndivyo alivyofikiria, basi usiku huo huo angeitwa, na mlango huo angefunguliwa kwa heshima zote.

Akajitanda kanga akatoka.

Alipokanyaga upande wa pili alimsikia mwanamke mmoja chini ya paa akisema "Inna lillahi." Mwingine akaingia ndani kwake na kufunga mlango. Paka hawakugeuka. Aliwapita, akagonga.

"Munira! Munira, mwanangu, fungua."

Akagonga kwa kiganja.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito, ya pole pole.

"Mie Mauwa. Fungua mlango, litoe hilo jiko nje."

"Mama kasema nisikufungulie."

"Fungua dirisha basi. Munira, amka ufungue dirisha!"

Sauti ilipokuja tena ilikuwa ya mtu mwenye furaha, na hiyo ndiyo iliyomsimamisha Bi Mauwa nywele. "Nina usingizi, Bi Mauwa. Njoo baadaye. Bado."

Baada ya hapo hakujibu tena. Bi Mauwa alikuwa amezungumza na maiti wengi katika kazi yake, akiwabembeleza wageuke, akiwaomba radhi maji yakiwa mengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia bado. Akaita watu. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, waje wavunje mlango, na hakuna aliyeshuka kutoka barazani kwake. Walikuwa wanamtazama kwa huzuni, kama watu wanaosubiri kuambiwa saa ya mazishi.

Kinu cha Hamisa kilikuwa pembeni, kimegeuzwa kifudifudi, na mchi wake umeegemezwa ukutani. Bi Mauwa aliuchukua akaupiga mlango nao. Mara ya kwanza mchi ulimtoka mikononi. Alipouokota, mikono mingine iliushika pamoja naye, na ilikuwa ya Demetria, aliyekuwa anasali kwa Kihaya. Wakapiga pamoja mpaka komeo likang'oka.

Joto lilitoka kwanza, na ubani, mzito wa kuziba koo. Munira alikuwa amelala ubavu kwenye godoro, mkono mmoja umemfunika mtoto, jiko linang'aa miguuni mwao. Bi Mauwa alimnyakua mtoto akatoka naye mbio. Demetria akamkamata Munira kwapani akamburura mpaka barazani, kwenye hewa na manyunyu.

Farida alikuwa na joto lakini amelegea. Bi Mauwa aliujua uzito ule. Alikaa chini amempakata, na mikono yake, kwa mazoea ya miaka mingi, ikaanza yenyewe. Ilimnyoosha miguu. Ikamlaza mikono ubavuni. Kidole gumba kilikuwa kimekwisha fika kwenye kope kumfumba macho ndipo alipoona kinafanya nini, akapiga ukelele wa woga juu ya mikono yake mwenyewe.

Akamgeuza mtoto, akamsugua mgongo kwa nguvu ambayo hajawahi kuitumia kwa mtu yeyote, akampulizia usoni, akamtikisa miguu ile aliyokwisha kuinyoosha. "Huendi," alimwambia. "Huendi popote, unasikia? Sikukuita." Mvua ikamdondokea mtoto paji la uso. Akakunja uso. Akavuta pumzi moja kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, akatema, akapumua tena.

Kando yake Munira alianza kutapika, na Demetria, aliyemshika kichwa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Ndipo Mwali akainuka. Alijinyoosha, akashuka barazani, watoto nyuma yake, wakavuka njia, wakaingia nyumbani kwao kwa mlango uliobaki wazi. Watu wote waliokuwa chini ya mapaa waliwasindikiza kwa macho. Je, walijua, au ni wao walioleta balaa lile, maana bila wao lile dirisha lisingezibwa? Mtaa unabishana mpaka leo, na ukiniuliza mie, sina jibu ninalolipenda.

Bi Mauwa hakuwaona wakipita. Farida alikuwa amekishika kidole chake. Amekikaza, mwenye nguvu kuliko alivyofikiria, na anajipinda, anasukuma, anatafuta ziwa kwenye kifua kisichokuwa na kitu. Alikuwa hajui kumbeba mtu anayejipinda. Alibadili mkono, akabadili tena, akiogopa asimwangushe, na furaha iliyompata pale barazani ilikuwa kubwa mpaka ikamtia aibu, maana aliyelala kando yake alikuwa bado hajaweza kuketi.

Hivyo ndivyo Hamisa alivyomkuta. Alitokea kwenye kona na Maalim Jabiri nyuma yake, akaona mlango umevunjwa, binti yake chini, na Mauwa amekaa barazani kwake na kitu kimefungwa kwenye kanga. Mwavuli ulimwanguka. Kelele aliyopiga ilishika mtaa mzima, na wale wanawake waliokuwa wamesita wakaipokea, kilio kikapanda nyumba hadi nyumba, mtu mmoja tayari anauliza nani aende kununua sanda.

"Nyamazeni!" alipaza sauti Demetria. "Wazima! Wote wazima!"

Hakuna aliyemsikia. Waliyemsikia ni Farida, aliyetishwa na kelele zao akaanza kulia kwa nguvu zote, na kilio cha watu kikakatika.

Hamisa akaja kwa magoti. Alimchukua mtoto mikononi mwa Mauwa, akamkumbatia, akamshika Mauwa bega, akalia begani kwake, akamwomba msamaha, akamwombea kila dua aliyoijua. Maalim naye akamshukuru Mungu kwa sauti. Demetria alikuwa ameshapiga simu, bajaji inakuja kuwapeleka mzazi na mtoto zahanati. Wanawake walishuka sasa barazani kwao, wakasogea, wengine wakamgusa Bi Mauwa kanga na kumwambia Mungu akulipe.

Halafu Hamisa alimtazama mtoto. Akatazama mahali alipokuwa ameshikwa, mgongoni, miguuni, kwenye kope. Akamgeukia jirani mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, upesi, kabla bajaji haijafika, "Niletee maji nimwoshe."

Hakuna aliyeuliza anaoshwa nini. Yule jirani aliinamisha kichwa akaenda kuchukua beseni. Munira, mgonjwa vile vile, aligeuza uso upande wa ukuta.

Ilimuuma Bi Mauwa, ikamuuma kuliko miaka yote ile ya watoto waliolala. Kidole chake kilikuwa bado kinasikia pale kilipokamatwa. Aliikunja mikono chini ya kanga asionekane nayo, akasimama, akajipangusa tope, na beseni lilipoletwa likifuka mvuke akashindwa kunyamaza.

"Punguzeni moto," alisema. "Yawe ya uvuguvugu. Na mshikeni kichwa, huyo yu hai."